Kiwambo kilichoimba: kisa cha chuma na nakshi katika mgahawa wa Moshi

Simu iliingia saa moja asubuhi, wiki ya pili ya Desemba. "Fundi, njoo usikilize kiwambo chako. Kinaimba."

Nikadhani dada, mwenye mgahawa, ananitania. Nilipofika, lori la saruji lilikuwa linapita nje, na kweli kabisa, ile pleti ya chuma niliyoisimamisha kati ya kaunta na meza ilikuwa inavuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Wateja wawili waliokuwa wanakunywa mtori waligeuka. Hawakukitazama kiwambo, walinitazama mimi.

Naandika kisa hiki kwa sababu kazi za namna hii zimekuwa nyingi mjini kwetu. Watu wanataka chuma kionekane na zege libaki bila rangi, na hapohapo wanataka nakshi, maua na kitu cha kwetu. Vitu hivyo vinaweza kukaa pamoja vizuri. Mimi niliviweka pamoja vibaya kwanza, kwa gharama yangu, ndipo nikajua kosa lilikuwa wapi.

Kazi yenyewe

Jengo ni godauni la zamani upande wa reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na maghala ya kahawa yakaifuata, kwa hiyo majengo ya aina hii unayakuta ukizunguka maeneo ya stesheni: kuta nene, paa la bati juu ya kenchi, sakafu ya saruji iliyopasuka hapa na pale. Dada alilipanga ili afungue mgahawa wa kahawa, mtori na vitafunwa. Alikuja na simu imejaa picha za migahawa ya London na New York: mabomba yaliyogeuzwa rafu, taa zinazoning'inia kwa waya, meza za mbao kwenye miguu ya chuma cheusi.

Nikamchorea. Akapenda. Kisha mama yake akashuka kutoka Kibosho kuja kuona mahali, akatazama miguu ya meza iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ni hoteli au ni gereji?"

Dada alinipigia jioni ileile. "Fundi, weka maua basi."

Nami nikaweka maua. Pleti ya milimita 2, futi nane kwa nne, ambayo ikiwa nzima ina uzito wa kilo 47 hivi, nikaipeleka kwa mwenye mashine ya plasma, ile inayokata chuma kwa moto, akaitoboa maua kuanzia juu hadi chini. Ukingo wa kaunta ukapata maua, na miguu ya meza ikabandikwa vile vichwa vya mikuki na vikonyo vya kununua dukani, vya kupamba mageti. Hata rafu nilizozitengeneza kwa bomba la maji nilizichomelea majani mwishoni. Nilipomaliza, mwisho wa Novemba, nilipiga picha nikaituma kwa kila mtu. Kwenye picha ilipendeza sana.

Yaliyoharibika

Kiwambo kilikuwa cha kwanza. Pleti pana, nyembamba, iliyoshikiliwa juu na chini tu, ni ngozi ya ngoma. Matundu niliyoyatoboa yaliilegeza zaidi. Juu ya hilo, kingo za plasma huacha makapi ya chuma upande wa nyuma. Nilipitisha grenda pale panapoonekana, ndani ya petali sikupitisha. Sketi ya mteja mmoja ikanaswa, mtoto akakwaruzika kidole. Dada akasogeza chungu cha ua pale mbele ili watu wasikikaribie. Yaani nilitengeneza pambo linalohitaji kulindwa na pambo jingine.

Rafu zilikuwa na kisa chake. Bomba la maji limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Kijana wangu alichomelea majani yale siku nzima ndani ya karakana, mlango ukiwa nusu. Usiku akashikwa na baridi, homa na kuumwa mwili, akadhani malaria. Vipimo havikuonyesha kitu, na kesho yake jioni alikuwa mzima. Ni homa ya moshi wa zinki, mafundi wengi wameipata bila kuijua. Mitaani tunaambiana unywe maziwa. Maziwa hayazuii moshi kuingia mapafuni. Dawa ni kuondoa zinki kwa grenda pale unapochomelea, ukiwa umevaa barakoa ya kazi hiyo, na kufanyia nje penye upepo. Au usichomelee kabisa, maana bomba limeumbwa na hesi zake, mikato ya kukazia, na viungo vyake vya elbo na tii. Nilikuwa nimelipa mtu augue ili nibandike jani juu ya kiungo ambacho kingetosha bila jani.

Halafu zikaja meza, na hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Mbao nilinunua za mgrevilea, zile zinazochanwa kutoka miti ya kivuli iliyopandwa kwenye kahawa mlimani. Ni mbao nzuri kuliko sifa yake. Ukiichana kwa kufuata mstari wa kutoka moyoni mwa mti kwenda kwenye gome, unapata madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Mwenye mbao aliniambia zimekauka. Nilizigusa, nikaziona kavu, nikamwamini. Nikaunganisha mbao nne nne kwa gundi, uso wa sentimita 70 kwa 120, nikazikalisha ndani ya fremu ya chuma cha pembe na kuzikaza kwa skrubu kutoka chini pande zote nne.

Hiyo ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha. Ikaja Januari, ikaja Februari, jua la Moshi mnalijua. Meza tano kati ya nane zikapasuka. Zilipasukia katikati ya ubao, pale kwenye magamba ya samaki, gundi ikabaki imeshika. Moja ilipasuka mteja akiwa amekaa, akadhani kikombe kimevunjika.

Nilipima ile iliyopasuka vibaya zaidi, nikajumlisha vipande vyake bila nyufa. Kutoka milimita 700 ilikuwa imebaki 691. Milimita 9 zimekwenda. Kwa urefu, kufuata nyuzi, sikuona tofauti hata kidogo, na ndivyo mbao zilivyo: husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hazisogei. Sasa chuma. Chuma cha mita moja, joto likipanda nyuzi 10, hurefuka milimita 0.12 tu, unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Kwa hiyo nilikuwa nimemfunga anayehama pamoja na asiyehama, nikakaza skrubu, nikaweka ua juu. Chuma hakikuachia. Mbao ikachanika.

Kwenye kaunta kulikuwa na jambo dogo lakini baya kwa macho. Kila mahali bolti ilipogusa mbao karibu na mashine ya kahawa, kulitokea duara jeusi kama wino. Mbao nyingi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi huo. Ukipiga msasa unaondoka, mvuke ukirudi nao unarudi.

Mzee wa Mamba

Nilitaka kubomoa kila kitu nimrudishie dada fedha. Kabla ya hapo nilipanda kwenda Mamba, upande wa Marangu, ambako uhunzi ni kazi ya koo tangu kale. Nilikuwa na nia ya kununua jembe na kupoteza siku. Mzee mmoja ambaye hupokea watalii asubuhi na kufua visu mchana alinisikiliza, akaomba picha. Akakuza kwa vidole viwili, akanirudishia simu.

"Haya maua yanafanya nini?"

"Yanapendezesha, babu."

"Naona. Nauliza yanafanya nini."

Sikuwa na jibu, naye hakusubiri. Aliendelea kuvuta mavukuto.

Njiani nikishuka niliwaza milango ya Zanzibar. Mtu akisema nakshi za Waswahili, mlango ndio unaomjia kwanza, lakini utazame vizuri. Nakshi nzito haikutawanywa mlango mzima. Iko kwenye miimo, kwenye kipande cha juu, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaoziba pale mbao mbili zinapokutana. Mbao zenyewe za mlango mara nyingi ni tupu, zina njumu za shaba tu, zile kofia za misumari, zilizopangwa mistari. Nakshi imekaa penye maungio. Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linakupa somo hilohilo kwa ukubwa: nguzo nyembamba za chuma cha kumimina zilibeba roshani pana bila kujifanya mbao, na uchongaji mkubwa ulikusanywa milangoni, mahali mtu anapopita na mkono unapogusa. Sehemu ya jumba lile iliporomoka Desemba 2020, lakini kwa karne na zaidi chuma cha kiwandani na mlango wa kuchongwa vilikaa nyumba moja bila ugomvi.

Mtu ataniuliza kuhusu Paris. Hector Guimard alijaza maua na mashina ya chuma kwenye milango ya treni ya chini ya ardhi kuanzia mwaka 1900, hakujibana kwenye viungo. Ni kweli, lakini chuma chake kilimiminwa katika kalibu. Chuma kikiwa uji hukubali kuvimba na kujipinda kama shina, umbo lile ni lake kwa haki. Pleti yangu ilitobolewa tu. Ilikuwa picha ya ua tu, na picha unaweza kuibandika popote. Hapo ndipo tofauti ilipo kwangu: umbo lililotokana na namna chuma kilivyofanyiwa kazi, na umbo lililoletwa kutoka kwenye simu.

Tulichofanya upya

Dada alinipa mwezi mmoja, Machi, na sharti: mgahawa usifungwe. Tukawa tunachukua meza mbili mbili.

Fremu ya pembe tuliitupa. Badala yake kila meza ina flati ba, yaani vyuma bapa, mbili katika kila mwisho wake, za upana wa sentimita 5, moja juu na moja chini, mbao imelala katikati. Ya juu imezamishwa kwenye mfereji ili kikombe kisiyumbe. Bolti tano zinapita zote tatu. Ya katikati iko kwenye tundu la duara, haiendi popote. Nne zilizobaki ziko kwenye matundu marefu ya milimita 20, kwa hiyo mbao ikivimba au ikisinyaa, bolti inasafiri nayo ndani ya chuma.

Lakini tundu refu ni baya kulitazama, tena linakusanya makombo. Linataka kifuniko. Na kifuniko chenyewe ni lazima kiende na bolti, kiwe washa pana. Hapo nilikaa kimya karakanani, maana nilikuwa nimeshaiona washa hiyo mamia ya mara, kwenye milango na kwenye masanduku ya bibi harusi. Ni njumu.

Nilirudi Mamba na bati la shaba. Mzee alikata duara za milimita 32, akaziweka motoni mpaka zikawa na wekundu hafifu, akazitumbukiza majini. Shaba si kama chuma cha kisu, ukiipoza hivyo inalainika. Kila duara aliliweka juu ya gogo lenye shimo la kina kifupi, akapiga nyundo ya mviringo, pigo la kwanza katikati, mengine yakizunguka kwenda nje, duara likawa kama ganda la kombe. Kisha akachukua patasi butu, akaligeuza kidogo kidogo: mapigo sita, petali sita. Hakupima. Nilipima mimi baadaye, na petali hazilingani, mbili ni nene. Meza nane, njumu kumi kila moja, jumla 80. Aliponikabidhi mfuko alisema, "Haya maua sasa yana kazi."

Chini ya kila njumu kuna pete ya mpira niliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Inazuia chuma kulia, inaziba makombo, na pale kaunta imetenganisha bolti na mbao, weusi haujarudi. Bolti hazikazwi mpaka mwisho. Ukikaza kwa hasira unarudi kulekule kwenye fremu ya pembe.

Mbao nazo nilibadili utaratibu. Hazikuingia kazini mpaka zimekaa ndani ya mgahawa wenyewe wiki tatu, zimepangwa kwa vijiti katikati, kule nyuma ya jiko. Tulikuwa tunapima ubao uleule kwenye mizani ya unga kila siku ya tatu, ulipoacha kupungua uzito tukauanza. Hakuna tanuri la kukaushia wala kipima unyevu hapo, ni mizani ya duka na daftari.

Kiwambo kilinipa raha. Nilikuwa nimekifanya pambo tupu, na sasa nikajiuliza kanga ingekifanyaje. Kanga ina pindo pande zote, ina mji, ina jina. Nguvu ya macho iko kwenye pindo, mji unapumua. Kwa hiyo pindo ni skwea ba za milimita 12 tulizozisokota baridi: mwisho mmoja kwenye jiliwa, mwingine kwenye spana ya mikono miwili, mizunguko miwili kwa kila sentimita 40. Msokoto huo haukubandikwa, ni chuma kilekile kimegeuzwa, na kingo zake nne zinashika mwanga wa dirishani kama ncha ya ukili. Mji ni bati la migongo tulilolishusha kwenye paa la godauni lilipokarabatiwa, zito kuliko la siku hizi, limesimamishwa wima ndani ya mpira. Migongo ya bati haikuwekwa kwa urembo, ndiyo inayoipa karatasi ya chuma uwezo wa kubeba mtu juu ya paa. Pleti laini inavuma kwa sababu haina mgongo. Hili halijavuma mpaka leo, na malori hayajapungua.

Kutoka kiwambo cha kwanza nilikata maua manne tu, nikayapiga tupa kila petali, nikayakalisha kwenye pembe nne. Hayo dada aliyang'ang'ania, nami sikubishana sana. Kuhusu jina, alitaka msemo uchongwe moja kwa moja. Nilimshauri aache ukanda mweusi wa kuandikia chaki. Kwa hiyo kanga yake hubadilisha jina kila siku: jana iliandikwa *Leo kisusio*, na chini yake, kwa mwandiko wa mpishi, *usiulize kama kimebaki*.

Rafu tulizifungua viungo vyote vilivyochomelewa, tukanunua elbo na tii, tukafunga kwa hesi. Majani yalikwenda kwa muuza vyuma chakavu. Mwangwi wa saruji na bati niliushughulikia kwa mikeka chini ya kenchi, kazi ya siku moja ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza kabisa, maana kabla yake watu wawili wakizungumza ulikuwa unawasikia kama kumi.

Kuna nisichokipenda bado. Kaunta imebaki na ukingo wa maua ya plasma kwa sababu fedha iliisha, na kila nikiingia macho yanakwenda pale kwanza. Wateja, kwa taarifa yangu, wanaupenda, na wanapiga picha mbele yake. Mama wa Kibosho alikuja tena Mei, akakaa meza ya dirishani, akaipapasa ile flati ba kama anayetafuta kasoro kwenye kitambaa, akahesabu njumu kwa kidole. Hakusema gereji. Alisema kiti ni kirefu.

Masika ya mwaka huu nilipita kila wiki mbili na rula. Mbao zimevimba milimita 4 tangu Machi, njumu zimesogea nazo, hakuna ufa. Ukiangalia kwa karibu utaona kwenye chuma alama nyembamba iliyopigwa polishi na shaba ikitambaa. Meza ya saba inalia kidogo ukiegemea upande wa kushoto. Nadhani pete moja ya mpira imekatika. Nimemwambia dada nitakuja Jumamosi kabla hajafungua, na spana na tyubu nyingine.